Mdogo wangu wa miaka 15 ameambiwa ana kisukari cha aina ya kwanza, anarudi Goma: nyumbani tuanze na nini?

Yaya wa Himbi

Habari za humu. Mdogo wangu wa kiume, miaka 15, kilo 44, yuko hospitalini Bukavu ambako anasomea. Aliingia akiwa amekonda sana, anakojoa usiku kucha, anatapika, glisemi (sukari kwenye damu, kwa mg/dL) 468. Wamesema ni kisukari cha aina ya kwanza, insulini maisha yote. Anatoka wiki ijayo, anarudi kwetu Goma kwa boti. Daktari ameandika insulini ya mchanganyiko 30/70: yuniti 22 asubuhi na 10 jioni.

Papa anasema ni karuho, yaani sumu aliyotegewa na watu, anataka tumpitishe kwanza kwa mzee wa kutapisha. Mama analia tu. Frigo hatuna, na hata tungekuwa nayo umeme unaenda na kurudi. Mdogo mwenyewe hasemi kitu, ameuliza tu kama atacheza mpira tena. Mimi ndiye mkubwa, na naona mambo yote yataniangukia.

Nataka kujua: nini kinaweza kumuua nyumbani, tununue nini, insulini tuiweke wapi, na tuseme naye vipi, yeye na papa. "Pole" nimeshapewa nyingi, asanteni, niandikieni vitu vya kufanya.

Nesi wa Kadutu

Yaya, naanza na cha kuua, mengine yatafuata.

Kongosho lake halitoi tena insulini. Bila sindano, sukari inabaki kwenye damu, mwili unaanza kuunguza mafuta, na mafuta yakiungua hivyo yanatoa ketoni, yaani asidi inayojaa damuni. Ndiyo iliyomtapisha. Sindano zikikatwa, hali hiyo inarudi ndani ya siku moja au mbili, hata kama juzi alikuwa anacheka. Kwa hiyo hakuna siku isiyo na insulini, na siku ya homa ndiyo kabisa. Familia nyingi huteleza hapo: mtoto ana malaria, hali kitu, watu wazima wanasema "hajala, tukimdunga sukari itaisha", wanaruka sindano mbili, na kesho yake anahema kwa nguvu huku amelala. Homa yenyewe inapandisha sukari. Mtu anaweza kuwa hajaonja kitu tangu jana na glisemi ikawa 350.

Kabla hajatoka hospitalini, mwulizeni daktari swali hili na jibu liandikwe kwenye karatasi: "Akiwa mgonjwa na hali chakula, apige yuniti ngapi?" Kwa mchanganyiko wa 30/70 jibu si rahisi, maana ndani yake kuna insulini ya haraka inayodai chakula, na ile ya polepole ambayo haifai kukosekana. Msilitafute jibu hilo saa nane za usiku. Siku ya ugonjwa pimeni kila saa 3 hadi 4, anywe maji karibu glasi moja kila saa, kidogo kidogo, na mpime ketoni kwenye mkojo kwa vile vijiti vya kubadilika rangi. Glisemi ikizidi 250 na ketoni zikawa na misalaba miwili (++), au akitapika mara mbili, au tumbo likimkaza, au pumzi ikinuka tunda lililoiva kupita kiasi, ni hospitali saa ile ile.

Na mkifika mlangoni, neno la kwanza liwe "ana kisukari cha insulini", kabla ya "ana homa". Kwetu mtoto mwenye homa na kutapika ni malaria mpaka ionekane vingine, na kinini ya mshipani, pale bado inapotumika, huwekwa ndani ya seroma (dripu) ya glukozi. Ombeni glisemi ipimwe kabla chochote hakijatundikwa. Daktari anaweza kumwekea glukozi kwa makusudi pamoja na insulini, sukari ikishaanza kushuka. Hiyo ni sawa. Kibaya ni ile chupa inayotundikwa na hakuna aliyepima.

Cha pili cha kuua ni kinyume chake: sukari kushuka chini ya 70. Dalili zake: kutetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafla, hasira isiyo na sababu, kuongea kama mlevi. Mpe gramu 15 za sukari ya haraka: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji kidogo, au nusu ya chupa ya Fanta ya sentilita 30. Iwe ya kawaida, ile isiyo na sukari haisaidii kitu. Subiri dakika 15, pima. Bado iko chini ya 70? Rudia. Ikipanda, ale kitu cha kukaa tumboni, mkate au kiazi. Msianze na mandazi wala chokoleti, mafuta yanachelewesha sukari kuingia damuni.

Akizimia, msimnyweshe kitu, kitaenda mapafuni. Mlazeni ubavu, chukueni kijiko kimoja cha chai cha sukari kilicholoweshwa kwa matone ya maji, kiwekeni chini ya ulimi au ndani ya shavu la upande wa chini, rudieni baada ya dakika 10 wakati pikipiki inatafutwa. Mkiwa na glukagoni, sindano ya kupandisha sukari, ni miligramu 1 kwenye paja, lakini kuipata kwetu ni shida, msiitegemee. Na kama hamjui ni sukari ya juu au ya chini, na kipimo hakipo, na bado ana fahamu, mpeni sukari. Ya juu ikiongezeka kidogo kwa saa moja haimuui, ya chini inaweza.

Sasa saa za kula, maana hapa ndipo dozi ya daktari na maisha ya nyumbani hugongana. Insulini ya 30/70 inapigwa dakika 30 kabla ya kula. Sehemu yake ya polepole inafika kileleni saa kadhaa baadaye: ya asubuhi inashika nguvu kuanzia karibu saa tano hadi alasiri, ya jioni inashika kati ya usiku. Kwa hiyo anahitaji chakula cha asubuhi, kitu kidogo kama saa nne, cha mchana, cha jioni, na kitu kidogo kabla ya kulala. Nyumba nyingi za Goma zinakula kitu cha maana mara moja tu, jioni. Kama kwenu ni hivyo mwambieni daktari bila haya, kwa sababu yuniti 22 asubuhi kwa mtoto atakayekula saa kumi na moja ni kumtafutia kuzimia darasani. Daktari anaweza kugawanya dozi kwa namna nyingine, lakini si kama mmemficha.

Jioni sindano isiende kabla chakula hakijaonekana. Sombe (kisamvu) imeiva na maji ya bugali yako motoni? Piga. Makaa yamekwisha na mtu ametumwa dukani? Subiri.

Kudunga kwenyewe, afanye mwenyewe mbele ya nesi kabla ya kutoka, na watu wawili wa nyumbani wajue pia. Mmoja hatoshi, mmoja huugua, husafiri, hukasirika. Mikono ioshwe. Insulini ya 30/70 ina weupe kama maziwa: kichupa kiviringishwe kati ya viganja mara 20 mpaka kiwe sawasawa, kisitikiswe. Mkikiacha kimejitenga, siku moja atapata ya haraka nyingi na siku nyingine hatapata kitu. Vuta hewa ya yuniti 22, iingize kichupani, pindua, vuta yuniti 22, gonga povu litoke. Bana ngozi, ingiza sindano, sukuma, hesabu hadi kumi, toa. Leo tumbo kulia, kesho hatua ya vidole viwili pembeni. Anayedunga pale pale kila siku kwa sababu hapaumi anaota uvimbe laini wa mafuta, na insulini ikiingia humo inatoka inapotaka yenyewe.

Depo ya Dawa, Virunga

Naongezea upande wa dawa.

Kichupa cha mililita 10 kina yuniti 1000. Dozi yake ni yuniti 32 kwa siku, kwa hiyo kwa hesabu kinafika siku 31. Kikishafunguliwa tunahesabu wiki nne, andikeni tarehe ya kufungua juu yake kwa kalamu. Kwa mwaka ni vichupa 13 kwa dozi ya leo. Kijana akikua dozi inapanda, pangeni 15 au zaidi. Kichupa kikifika siku ya 31 Goma, na baridi yetu hii, sitawaambia mkimwage. Ila glisemi zikianza kupanda bila sababu, shukuni kichupa kabla ya kumshuku mtoto.

Kanuni ya akiba: nyumbani kusikose kichupa kimoja kilichofungwa. Siku mnapofungua cha akiba ndiyo siku ya kununua kingine, msingoje mwisho wa mwezi. Na kwa Goma nasema zaidi: muwe na mkoba wa kukimbia nao, wenye kichupa, sindano kumi, sukari, na nakala ya karatasi ya hospitali. Volkano ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021 na amri ya kuhama ikatoka tarehe 27, watu waliondoka na magodoro wakaacha dawa.

Sindano: nunueni zilizoandikwa U-100 tu, mara nyingi zina kifuniko cha rangi ya chungwa. Zile za U-40, mara nyingi nyekundu, bado zinazunguka sokoni. Ukivuta hadi alama ya 22 kwenye U-40 kwa insulini ya 100, umechukua yuniti 55. Hapo mtoto anaangushwa na plastiki. Sindano ya kawaida ya mililita 2 au 5 isitumike kabisa: yuniti 10 ni mililita 0.1, macho hayawezi kupima hivyo. Kwa dozi zake, sindano ya nusu mililita (yuniti 50) inasomeka vizuri kuliko ya mililita nzima.

Kurudia sindano moja: kwenye boksi wameandika mara moja tu. Tukisema ukweli wa hapa, watu wanarudia. Akirudia basi iwe yake peke yake, ifunikwe, isifutwe kwa alkoholi maana inaondoa utelezi wa ncha, na itupwe ikianza kuuma. Kuchangia na mtu mwingine, hata ndugu wa damu, hapana. Zilizotumika ziende kwenye kidumu kigumu chenye kifuniko, kikijaa kipelekwe kituo cha afya. Msiziache kwenye takataka za avenue ambako watoto wanaokota vizibo.

Baridi. Kichupa kilichofungwa kinataka nyuzi 2 hadi 8. Kilichofunguliwa kinavumilia chumba, mradi kisizidi nyuzi 25 hivi, na Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, ndani ya nyumba kivulini mara nyingi mko chini ya hapo. Adui ni bati la juu saa nane mchana, dirisha lenye jua, na rafu iliyo juu ya mbabula (jiko la makaa). Kwa vichupa vilivyofungwa, tumieni nyungu mbili: ndogo ndani ya kubwa, mchanga katikati, mchanga uloweshwe asubuhi na jioni, kitambaa kibichi juu. Kichupa kiwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kikae kwenye nyungu ndogo isiyo na maji. Maji yakipotea hewani yanachukua joto. Kiangazi inafanya kazi vizuri. Masika hewa ikijaa maji inapoa kidogo tu, na haitafika nyuzi 8 hata siku moja. Kwa hiyo msirundike vichupa vya miezi sita nyumbani. Chukueni viwili viwili, vingine vikae kwenye frigo ya farmasi au ya kituo mnachokiamini, vikiwa na jina lake.

Jirani mwenye frigo akijitolea, asante, lakini kichupa kisiguse ukuta wa nyuma wala kisikae chini ya sehemu ya barafu. Insulini iliyoganda ikayeyuka imekufa hata kama inaonekana nzuri. Ukiona mabonge, au weupe ulioganda kwenye kioo kama ukungu, usiitumie.

Mama Neema, Majengo

Mimi nasema msimzuie papa kuomba. Kuna watoto walioombewa kwenye chumba cha maombi na sindano zikapungua, wengine daktari mwenyewe alizishusha mpaka karibu ziishe. Msiwe wa dawa tu.

Nesi wa Kadutu

Mama Neema, kuomba hakugombani na sindano, na hakuna nesi mwenye akili atakayewakataza. Lakini hilo la sindano kupungua lazima lielezwe, kwa sababu limeua.

Wiki chache baada ya kuanza insulini, kongosho lililokuwa limechoka hupumzika, na chembe chache zilizobaki hufanya kazi tena kwa muda. Madaktari wanaita fungate. Dozi inashuka, wakati mwingine sana, glisemi zinakuwa 90, 110, mtoto ananenepa. Inaweza kuwa wiki, inaweza kuwa miezi, kwa wachache hata zaidi. Halafu chembe hizo nazo zinaisha na dozi inapanda tena. Aliyepewa dawa ya mizizi kipindi hicho atasema mizizi imeponya, na anayeombewa atatoa ushuhuda. Kama insulini imekatwa kabisa wakati huo, kurudi kwa ugonjwa huja kwa ketoni. Kwa hiyo dozi ipungue kwa mkono wa daktari, kwa kufuata namba za kwenye daftari, na hata ikibaki yuniti 4 ziendelee kupigwa.

Funga za chakula ndizo za kukataa waziwazi. Mchungaji anayetaka mtoto wa insulini afunge siku tatu kavu, mwambieni afunge yeye kwa niaba yake.

Na vidonge: metformini, glibenklamidi, vile vya shangazi mwenye sukari ya uzee. Haviwezi kuchukua nafasi ya insulini kwa huyu. Mtu atavileta kwa moyo mzuri kabisa, "vimemsaidia fulani". Pokeeni, shukuruni, viwekeni kando.

Mzee wa Ndosho

Nijibu swali la papa, maana naona limepitwa.

Ukimwambia mzee wa Kivu "hakuna karuho", umeshindwa kabla ya kuanza. Mtoto amekonda ghafla, anatapika, alikuwa mbali na nyumbani, amekula kwa watu. Kwake kila kitu kinaelekea huko. Usibishane kuhusu nani alifanya nini. Bishana juu ya kutapisha tu. Mtoto huyu aliingia hospitalini akiwa amekaushwa maji, na dawa ya kutapisha itamkausha tena na kuiamsha ile asidi. Hilo papa anaweza kulielewa bila kuacha anachoamini.

Njia inayofanya kazi ni kipimo. Mtoto akifika, asubuhi kabla ya chai, pima sukari ya papa kwa kisindano kipya cha kuchoma kidole, kisha mtoto kwa chake. Papa ataona 88 au 95 kwenye kioo, na mtoto ataona namba yake. Akipiga sindano, pimeni tena kabla ya chakula cha mchana na cha jioni, papa mwenyewe aandike. Siku chache za namba zinazosogea kwa sindano zina sauti kuliko yaya anayesema "dokta alisema". Halafu mpe papa kazi: yeye ndiye mlinzi wa kichupa cha akiba na pesa yake. Mzee asiye na kazi kwenye ugonjwa atajitafutia moja.

Kuhusu pesa: fungueni mfuko wa insulini peke yake, usichanganyike na likelemba ya mama (pesa za kuchangiana kwa zamu) wala karo. Vipimo huisha kabla ya dawa, mtaona. Ulizeni daktari kama hospitali imeunganishwa na programu ya kuwasaidia vijana wa kisukari. Life for a Child na Changing Diabetes in Children zote zimewahi kufanya kazi Kongo, na kuingia humo ni kupitia kituo kinachomfuatilia mtoto, si kwa barua ya familia.

Nesi wa Kadutu

Mzee amesema vizuri. Kwenye vipimo niongeze: kama bandeleti (vipande vya kupimia glisemi) ni chache, mbili kwa siku zinatosha kuanzia, lakini zibadilishe saa. Leo kabla ya chakula cha asubuhi na kabla ya cha jioni. Kesho kabla ya cha mchana na kabla ya kulala. Ya asubuhi inaeleza dozi ya jana jioni, ya kabla ya chakula cha jioni inaeleza dozi ya asubuhi. Anayepima kila siku saa ile ile anasoma ukurasa mmoja wa kitabu. Lengo la kuanzia ni kati ya 80 na 180 mara nyingi, si 100 kila mara. Bandeleti ziwe za kipimo kile kile, chupa yake ifungwe mara moja. Kidole kioshwe kwa maji: aliyetoka kumenya embe atapata 300 ya embe. Chomeni pembeni ya kidole, katikati kunauma zaidi.

Yaya, sasa mdogo wako. Namba kwenye daftari isiwe cheti cha tabia. Ukiona 310 ukauliza "umekula nini?", wiki ijayo ataandika 140 ya uongo, na daktari ataipangia dozi hiyo ya uongo. Sema "310, tufanye nini?" na uishie hapo. Vijana wa umri huu hawafi kwa kutojua, wanaficha: wanaruka sindano kwa sababu ya kuchekwa, au wanajidunga chooni haraka bila kusubiri kumi. Wewe usimdunge kila siku kwa huruma. Simama karibu, hakikisha amevuta hadi alama ya dozi, mwache apige. Mwambie pia, maana hatauliza: hakuambukizwa, hakujiletea kwa kula sukari, na hataambukiza. Ataoa, atazaa. Wadogo zenu wengine wana uwezekano mkubwa kuliko watu wa nje, kama 6 kwa 100. Akitokea mmoja anayekojoa sana usiku na kukonda, mpimeni siku hiyo hiyo.

Chakula apikiwe kile cha wote. Bugali ukubwa wa ngumi yake, si kilima. Sombe, lenga-lenga (mchicha), maharagwe, sambaza (samaki wadogo) bila kupimiwa kwa ubahili. Chai bila sukari. Fanta ni dawa ya sukari ikishuka, ikae kabatini kwa kazi hiyo na wengine wasiinywe. Mtoto wa kilo 44 aliyekonda anatakiwa kunenepa, kwa hiyo anayemnyima chakula "juu ya sukari" anamrudisha alikotoka.

Shuleni, prefe (mkuu wa shule) na mwalimu wa darasa wajue mambo mawili: anaruhusiwa kula darasani, na akianza kuongea ovyo asipelekwe nyumbani peke yake kwa miguu.

Yaya wa Himbi

Asanteni sana, nimeandika kila kitu kwenye daftari. Mbili zimebaki. Mpira, na boti: nasikia wimbi linamfanya atapike tangu utotoni.

Nesi wa Kadutu

Mpira acheze. Siku ya mechi apige tumboni, si pajani. Paja linalokimbia linanyonya insulini haraka. Apime kabla. Chini ya 100, ale ndizi mbivu moja, asubiri kidogo. Juu ya 250 na ketoni zipo, asicheze siku hiyo. Kila nusu saa ya kukimbia, kitu kidogo chenye sukari, na mchezaji mwenzake mmoja ajue vijiko vitatu viko mfuko gani wa begi. Hatari kubwa iko usiku baada ya mechi, misuli ikirudisha sukari iliyotumia: apime kabla ya kulala na ale, hata kama namba ni nzuri.

Boti. Ombeni barua ya uhamisho yenye aina ya insulini, yuniti, uzito, hemoglobini ya sukari (HbA1c, wastani wa sukari ya miezi iliyopita) na ketoni za siku aliyoingia, ili daktari wa Goma, iwe hospitali ya mkoa au HEAL Africa au kwingine mtakakochagua, asianze upya. Vichupa vikae kwenye begi la mkononi, vimefungwa kwa kitambaa kibichi, visiende kwenye mizigo ya chini wala visiguse barafu. Dawa ya kuzuia kichefuchefu muombeni daktari siku ya kutoka, anywe kabla ya kupanda. Chukueni boti ya haraka ya asubuhi badala ya ile inayolala majini, ili mtu awe macho wakati wote. Apige sindano ya asubuhi pale mlipolala Bukavu, ale, dakika zipite muone kama chakula kimekaa, ndipo mwende bandarini. Akitapika njiani, pimeni kila saa, Fanta aionje kwa vimeza vidogo kama iko chini ya 100, maji kama iko juu. Na boti ikichelewa kufika hadi jioni, sindano ya pili haipigwi kwenye foleni ya kushuka. Inangoja mpaka mmefika na chakula kinaonekana.